Pumzi Niliyompulizia Dada

Juzi nilipanda kwetu, juu ya Matombo, kwenye kikao cha ukoo cha kugawana migomba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, kuni zote zimelowa, na mpwa wangu akakoka moto humo humo ndani tulimokaa. Moshi ulipotanda niliomba nitoke nje. Wakanicheka. "Bibi huyu amekuwa mtu wa mjini, hata moshi wa kwao haumtaki." Nikacheka nao, nikatoka, nikasimama barazani nikalia peke yangu. Ndiyo sababu nakuandikia leo, rafiki yangu unayesoma, maana habari hii sijapata kuisimulia yote.

Nilizaliwa wakati wa Mjerumani. Nilipopata akili reli ilikuwa imeshafika Morogoro mjini, lakini sisi wa mlimani treni tuliijua kwa kusimuliwa na wapagazi. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na bibi mzaa mama ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu. Tulikula ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, magimbi ya kuchoma, na miwa tuliyoimenya kwa meno mpaka midomo ikachubuka. Asubuhi tulichota maji bondeni, mchana tukafukuza ngedere kwenye mahindi, jioni tukatwanga. Dada alipenda kuimba akitwanga. Ila wimbo wake haukufika mwisho. Kila mara katikati alinyamaza, akaegemea mchi, mabega yamempanda, na kifuani mwake ikaanza filimbi nyembamba. Nami niliuchukua mchi bila kuambiwa.

Ilikuwa pumu. Bibi alimfukiza majani, akamlambisha asali, akamkanda mgongo kwa mafuta ya mbarika. Kuna siku ilisaidia na kuna siku haikusaidia. Tulilala kitanda kimoja, na mimi nilizoea kulala nikimsikiliza kwanza, kama mtu anayesikiliza kama mlango umefungwa.

Basi kulikuwa na daktari mmoja wa Kijerumani ambaye watu walimpa jina la Bwana Pumzi. Huyu hakuja kwa ajili ya vidonda wala homa. Miaka yake yote ya udaktari alikuwa akitafuta kwa nini vifua vya watu hufunga. Alianza kwao Ulaya, akaja pwani, kisha akapanda milimani kwetu ili ajue kama hewa ya huku inaponya au inaumiza. Mwenyewe alikuwa na pumu. Wazungu wengine walibebwa kwenye machela, yeye alikataa, akapanda kwa miguu na kusimama kila hatua chache, uso mwekundu, watoto tukimhesabia vituo. Alipobanwa sana alichoma majani makavu ya dawa kwenye kibati na kuvuta moshi wake. Bibi alimwona akasonya. "Anatukataza moshi wa mafiga, na yeye anatembea na wa kwake mfukoni!"

Karani wake alikuwa amepita mapema, nyumba hadi nyumba, akiandika majina ya wenye pumu. Jina la dada likaandikwa. Watakaoonekana wagonjwa kweli wangepewa makopo ya dawa, na waliozidiwa wangelazwa kwenye hema lisilo na moto, pale uwanjani kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Bibi alifurahi siku ile. Alimpa karani mkungu mzima wa ndizi.

Lakini kabla siku ya daktari kupima watu haijafika, dada alivunja ungo. Akawekwa ndani. Wewe wa siku hizi huenda hujui mwali wa enzi zile alivyofungiwa. Alikaa miezi na miezi katika chumba kisicho na dirisha, jua lisimguse, mwanamume yeyote asimtie machoni. Kungwi alikuja kumfundisha, mimi nilimpelekea chakula, basi. Moto uliwaka humo usiku na mchana, na juu yake, darini, mahindi ya mbegu yalikaushwa kwa moshi. Mwali akionwa na mwanamume kabla ya kutolewa, wazee waliamini, hatazaa. Na kwetu ukoo unakwenda kwa wanawake. Bibi alikuwa na sisi wawili tu. Dada akiwa tasa, nusu ya tumbo letu imekwisha.

Jumbe akatangaza kwamba kila aliyeandikwa afike uwanjani kesho, na asipofika mmoja, yeye jumbe atachapwa viboko. Bibi hakula siku ile. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mwali, akatoka. Mwisho akaniita, akanivika shanga za dada shingoni.

"Utakwenda wewe," akasema. "Ukiulizwa jina, taja la mwenzio. Ninyi ni wa tumbo moja, kifua chenu ni kimoja. Dawa ya huyu ni ya yule. Ila ukohoe, umesikia? Kohoa sana."

Hakuwa mjinga bibi yangu, usimcheke. Kwetu watoto wa tumbo moja walikuwa mtu mmoja kweli. Mmoja akikosa, mwenzake alilipa. Mmoja akiapa, kiapo kiliwashika wote. Bibi aliamini kabisa kwamba daktari akisikiliza kifua changu atamsikia na dada.

Nilikohoa njia nzima kwa mazoezi. Pale uwanjani walipanga foleni wazee na watoto, vifua filimbi tupu, na mbele yao meza yenye chupa mbili kubwa za kioo zilizounganishwa kwa mrija. Ulipuliza kwenye chupa yenye maji, na maji yakasukumwa kwenda kwenye ya pili. Wagonjwa walipuliza mpaka macho yakawatoka, maji yakapanda kidole kimoja, viwili. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama zile chupa. Zamu yangu ilipofika niliamkia, "Shikamoo, Bwana," nikataja jina la dada, nikashika mrija. Nikasahau kukohoa. Nikapuliza.

Maji yalijaa chupa ya pili yakamwagika mezani. Bwana Pumzi akapiga makofi. Sikupata kupigiwa makofi na mtu mzima kabla ya siku ile. "Tena!" akasema, nami nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Akanisikiliza kifua kwa mti wake wa kusikilizia, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaandika. Karani akanieleza, "Una bahati. Pumu yako imekwisha. Wewe hupewi kopo." Nikakimbia nyumbani kwa furaha, hebu fikiria, kwa furaha! Nilipomweleza bibi aliketi chini palepale mlangoni. Dada alinisikia kupitia ukutani. "Maji yalimwagika kweli?" akauliza, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Masika yakakolea. Kuni zikawa mbichi, moshi ukawa mzito, na dada hakuweza tena kulala chini, akakaa ameegemea ukuta mchana kutwa akihema. Bibi alipunguza moto, kungwi akaja akaukoka upya, kwamba mwali hakai kwenye baridi. Asubuhi moja sikuweza kuvumilia. Nilisikia Bwana Pumzi yuko kilima cha pili, nikakimbia kwenye mvua mpaka huko. Nikamkuta karani mlangoni mwa hema. Nikamwambia yote, kwamba mgonjwa si mimi, ni dada, na anakufa.

Karani alinivuta pembeni. "Nyamaza, mtoto. Bibi yako ameidanganya serikali. Unataka afungwe? Na mimi niliyekuandika, je?" Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama sisi wote. Nilimwona daktari kwa ndani, ameinama juu ya daftari lake, hatua kumi kutoka niliposimama. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza, na hilo sijajisamehe.

Siku mbili baadaye, jua likiwa halijapanda, midomo ya dada iligeuka rangi. Bibi akachanganyikiwa, akachukua mtungi akaumwagia moto maji yote kwa pupa, ili moshi uishe. Chumba kikajaa moshi na mvuke pia. Tulimtoa dada tukiwa hatuonani. Bibi alimfunika kanga uso mzima, hata wakati huo, asije mwanamume akamwona. Mimi ndiye niliyeivuta ile kanga ikatoka. Alifia barazani, kichwa chake mapajani mwangu, macho yakitazama mvua aliyoikosa miezi mitano.

Kiangazi kilipoingia, Bwana Pumzi alipanda mwenyewe hadi kwetu. Alifika hana pumzi, akaketi kwenye kigoda, akangoja kifua chake kitulie. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba tangu ujana wake ameandika watu wengi sana, na pumu iliyokwenda yenyewe namna hii hajaiona ila ya binti wa nyumba hii. "Mlimpa nini, mama? Niambie. Hata mimi nataka kupona."

Bibi hakuinua uso. Karani aliniangalia kwa macho ya kunisihi. Nikasema, "Aliyeandikwa tumemzika. Aliyepuliza ni mimi."

Bibi akakunja mikono kifuani, akingoja kukamatwa. Daktari hakuamuru lolote. Alifunua daftari, akalitazama, akalifunga. "Nilikuwa hapa," akasema. "Nilikuwa hapa na dawa." Akarudia mara tatu, nne, mpaka kifua kikambana na karani akalazimika kumshika.

Kisha vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, na habari zake sikuzisikia tena. Siku hizi mwali hafungiwi hivyo, na nyumba ile imekuwa shamba la migomba, ndiyo tuliyokuwa tunaigawana juzi. Bibi alikufa bila kulitaja jina la dada tena. Karani naye amekufa. Aliyebaki anayejua ni mimi, bibi mzee mwenye kifua kizima ambacho hakijapata kuniuma hata siku moja, na sijui nimwombe nani msamaha.