Muganga Aliyekipa Kioo Mgongo

Muganga aliyenibadilishia goti hasalimii kama watu wengine. Akikushika mkono, kidole gumba chake kinabonyeza kifundo, kinangoja kidogo, kinabonyeza tena. Pale hospitali nilimwona akibonyeza hivyo hivyo mkate, mto wa kitanda, hata bega la mke wangu Mwantum. Sauti yake iko chini mpaka uiinamie.

Siku ya operesheni nilichomwa sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi, macho yakabaki wazi. Katikati ya mifupa yangu waliweka kidude chembamba kinachopima goti linavyobana, upande wa ndani na upande wa nje, maana upande mmoja ukizidi halikunji vizuri. Na mi nilitaka goti la kusujudia. Namba hutoka kwenye kioo cha mashine, lakini yeye hukipa mgongo, hutaja yake kwanza. Alibonyeza goti kwa gumba, akasema, “Nje kumi na tano. Ndani ishirini.”

Godeliva, muuguzi, akasoma kioo. “Zote kumi na tano. Leo mashine imekushinda, dokta. Tufunge?”

“Apana. Iache ifike.”

Tukangoja. Hakuna mutu aliyegusa mguu. Kisha Godeliva akasoma ndani, polepole: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini. Utani ukamwisha.

Muganga akaniinamia sikioni. “Mzee, unaogopa. Acha kulibana.”

Nikashusha pumzi. Godeliva akasoma ndani: kumi na tano.

“Sasa tufunge,” akasema yule muganga.

Na mi tangu ile sindano, kutoka kiunoni kwenda chini, nilikuwa sisikii wala sichezeshi hata kidole.