Wimbo Ambao Kutu Hakuuimba

Jina la Kutu alipewa na mumewe, naye akalipokea kwa kicheko. Siku hiyo alikuwa na mafua, koo limemkauka kama gunzi, lakini mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alimsimamisha mbele ya maiki vilevile. Alipomaliza ubeti wa kwanza, Fundi alivua hedifoni akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

"Umejisikia?" akamwuliza. "Sauti yako imeshika kutu. Usije ukaipangusa."

Wimbo ule ulipigwa redioni hadi watu wakaukariri. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, ila mama yake mzazi tu, aliyekuwa akiishi mbali, kwa kaka yake Kutu.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wengine. Kimoja walilala, cha pili ndicho kilikuwa studio. Dirisha la studio walikuwa wameliziba kwa matofali, na ukutani wakatundika magodoro yaliyochakaa ili kelele za mtaani zisipenye. Vyombo vyao vilikuwa vya kubabaisha, kwa hiyo walitumia akili. Ngoma kubwa haikuwepo. Kutu akajaza nguo kwenye begi la safari, akalipiga kwa kiganja, likatoa mdundo mzito uliowafanya wanamuziki wenye studio za vioo waje kuuliza ngoma ile imenunuliwa wapi. Kayamba yao ilikuwa funguo ndani ya soksi. Wakitaka mwangwi, walibeba spika hadi bafuni, wakaipigisha sauti ya Kutu kwenye kuta zilizolowa, na maiki ikaidaka sauti mlangoni ikirudi. Wapangaji wenzao walisimama nje na taulo mabegani, wakinung'unika kwamba katika nyumba ile hata wimbo ulioga kabla yao.

Mbinu iliyowapatia sifa kuliko zote ilikuwa ya Kutu mwenyewe. Aliimba mstari, kisha akayanong'ona maneno yaleyale, na Fundi akaulaza mnong'ono ule chini ya sauti, kidogo tu, usisikike bali uhisiwe. Msikilizaji alidhani anaimbiwa yeye peke yake, mdomo uko sikioni pake. Kutu alijivunia mbinu ile kama mtu anavyojivunia mtoto.

Basi walikuwa wawili kazini, na walicheka sana. Lakini Fundi alikuwa mtu asiyejua neno "inatosha." Alimlaza Kutu kitandani kichwa kikining'inia chini, aimbe damu ikimjaa usoni. Alimkimbiza kuzunguka nyumba ili kiitikio kije kikihema. Jua la saa sita alimwingiza kwenye tangi tupu la maji lililokuwa juu ya paa, kwa sababu humo sauti ilizunguka ikawa nene, na majirani wakatania kwamba leo Fundi anampika mkewe. Kutu alitoka humo amelowa jasho, macho mekundu, akashikilia ngazi hadi kizunguzungu kipite. Fundi alikuwa ameshashuka zamani kwenda kusikiliza.

Tatizo likawa kwamba koo lilikuwa likipona. Kila Kutu alipopumzika, sauti ilirudi kuwa laini, na Fundi akanuna kama mtu aliyeibiwa. Akampa mto. "Ukandamize usoni, upige mayowe mpaka kutu irudi." Kutu aliupigia mto mayowe, kisha akaingia kuimba. Mwanzoni ilichukua muda mfupi tu. Baadaye hata mto haukuhitajika. Aliamka asubuhi sauti inakwaruza, na kumeza mate kukawa kama kumeza mchanga. Siku moja aliutazama mto akaona doa la damu.

Daktari wa koo alimwangalia kwa kioo chenye taa, akasema kuna kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti. Kilikuwa bado kidogo. Aache kuimba mara moja, arudi haraka kitolewe.

"Daktari anataka kukung'arisha," Fundi alisema walipofika nyumbani. "Ukishang'aa utafanana na wengine wote. Tumalize albamu kwanza, mke wangu. Uvimbe hauna miguu, utakimbilia wapi?"

Kutu alicheka, kwa sababu Fundi alijua kuchekesha, na kwa sababu yeye pia aliitaka albamu ile. Hilo alilijua moyoni na hakuwahi kulikana. Walimaliza albamu. Kisha kukawa na nyimbo mbili za kuongezea, kisha tangazo la sabuni. Aliporudi kwa daktari, uvimbe ulikuwa umepata miguu. Walimpasua shingoni, na kilichopaswa kutolewa kilitoka na karibu vyote vilivyokuwa jirani yake.

Alibaki na pumzi. Akijitahidi, pumzi ile ilitengeneza maneno, lakini ilibidi msikilizaji aweke sikio mdomoni pake. Kwenye simu alisikika kama upepo unaopita chini ya mlango. Mama yake alipopiga, Fundi ndiye alijibu: "Mama, amekatazwa na daktari kuongea. Anapumzisha koo." Kutu alikubali iwe hivyo. Mama alikuwa na umri, macho yake yalikuwa yamefifia, na kwa bibi kizee kama yule habari mbaya kupitia simu ni kumtupia jiwe gizani. Atakwenda mwenyewe amweleze, akipata nguvu.

Fundi hakumfokea wala hakumfukuza. Alimkatia mkate, alimfulia nguo kwa wiki ya kwanza. Kisha akaingia studio, akafunga mlango, akafungua kila kitu alichowahi kumrekodi.

Vilikuwa vingi mno. Fundi alikuwa na tabia ya kutozima mashine kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo humo mlikuwa na Kutu akiimba, Kutu akikosea, akikohoa, akiomba maji, akicheka, akimwambia mumewe asogeze kiti. Fundi alikata silabi moja moja kama mtu anayepembua mchele. Alichukua "nime" kutoka kwenye "nimechoka," ambayo Kutu aliisema siku ya tangi. Akachukua "pona" kutoka wimbo wa kumbembeleza mtoto mgonjwa, "pona mwanangu, pona." Akaziunga, na palipoungwa akapaziba kwa pumzi ya Kutu mwenyewe. Ikawa "nimepona." Kutoka hapo akajenga wimbo mzima.

Kutu aliusikia kwa mara ya kwanza dukani kwa muuza mboga. Alikuwa ameinama anachagua nyanya, redio ikiwa juu ya sanduku, akasikia mwanamke anaimba kwa furaha kwamba amepona, giza limekwisha, mpenzi wake amemwuguza. Alishika nyanya ile hadi ikapasuka. Muuza mboga akapiga makofi. "Hongera dada! Na unavyotudanganya kwa ishara za mikono kila siku, kumbe!"

Alimkuta Fundi kwenye mashine. Akaweka mdomo sikioni pake. "Sikuimba mimi."

"Nani kasema hukuimba?" Fundi aliuliza, kwa upole kabisa. "Ni sauti yako. Nimeiweka sawa tu. Watu wangekuona umekwisha. Sasa wanafurahi. Unataka walie?"

Mama yake alipiga simu jioni ileile. Kutu aliipokea mwenyewe, kwa sababu Fundi alikuwa studio.

"Mwanangu! Nimekusikia! Wifi yako kaniongezea redio nisikie vizuri. Umepona, mama! Sema basi, sema neno moja nikusikie."

Kutu alisukuma pumzi yake yote. Upepo ukapita chini ya mlango.

"Haloo? Mbona kimya? Bado umekatazwa kuongea?" Sauti ya mama ikaanza kubadilika. "Redioni hujakatazwa, ila kwangu mimi ndiyo umekatazwa?" Akangoja. "Haya. Mimi ni mama yako tu. Kaimbie watu wako." Akakata.

Kutu akamwomba kaka yake kwa ujumbe amweleze mama. Kaka akaeleza, lakini mama akasema yeye si mtoto mdogo. Ameisikia sauti ya binti yake kwa masikio haya mawili, na kaka mtu asimtetee mwenzake. Hakupiga tena. Wimbo ukawa unapigwa asubuhi na jioni, na kila ulipopigwa mama alimwomba mkwewe aizime redio.

Mwishowe hasira ndiyo ilimpandisha basi. Alifika na fimbo yake na kifurushi, akibisha mlango kwa fimbo.

"Nimekuja kuiona hiyo sauti inayowaimbia walimwengu na kuninyima mimi."

Kutu aliushika mkono wa mama yake akauweka shingoni pake. Vidole vya mama vilipita juu ya kovu, vikarudi, vikapita tena polepole, kama vinavyopita kwenye kitambaa kutafuta mahali kilipochanika. Kutu akamwinamia sikioni, akamweleza yote. Ilimchukua muda, kwa maana pumzi ilimwishia njiani.

"Sasa anayeimba ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi. Wa zamani."

Mama hakulia. Aliinuka, akapapasa ukuta hadi mlango wa studio, akauingia bila kubisha. Fundi aligeuka, akaanza, "Karibu mama, shikamoo..."

"Usiniamkie! Nilikupa binti anayesema, umenirudishia upepo wa chini ya mlango. Ulimwona anavuja damu ukamwambia aimbe! Fisi ana afadhali. Fisi hula mzoga. Wewe umemla mtu akiwa hai, mifupa iliyobaki ukaifanya ngoma, na bado unacheza!"

Kutu alikuwa mlangoni. Alimwona mumewe akiwa ameinamisha kichwa, na kwa sekunde chache alidhani ameona haya. Kisha akauona mkono wake. Ulikuwa juu ya meza, kidole kimoja kikisukuma kitufe cha sauti kuelekea juu, taratibu, asije akakosa neno. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

Mama aliponyamaza kuvuta pumzi, Fundi aliinua macho. Yalikuwa yanang'aa.

"Hapo mwisho, mama. Pa mifupa. Parudie, ila usogee kidogo mbele."

Waliondoka siku hiyohiyo. Kutu alichukua nguo zake, akazipakia kwenye lile begi lililokuwa ngoma, na Fundi hakuwazuia. Alilosema ni kwamba begi angelihitaji kesho. Kutu akalibeba vilevile.

Walipanga chumba upande wa pili wa mji. Miezi haikupita mingi, wimbo mpya ukatoka. Ulianza kwa sauti ya bibi kizee akifoka, "Fisi ana afadhali! Fisi hula mzoga!" kisha begi jipya likadunda, na bibi akakatwakatwa akawa anarudia "mifupa, mifupa, mifupa" kama kuku anayedonoa bati. Watu waliupenda kuliko nyimbo zote za Fundi. Ulichezwa harusini. Watoto wa mtaa walibeba vijiti wakajifanya vikongwe, wakatukanana kwa laana ile, wakaanguka kwa kicheko.

Mama aliusikia akiwa ameketi nje ya chumba chao. Akamshika Kutu mkono. "Huyo ni mimi?"

Kutu akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba mama haoni vizuri, akamminya kiganja.

Tangu siku ile mama, aliyekuwa na kauli ya kusimamisha soko, alianza kusema chini chini. Kabla ya kutamka jambo aliuliza kwanza kama mlango umefungwa. Hata kumsema muuza mkaa aliyewapunja aliacha. Jirani wa chumba cha pili aliwahi kumwambia mwenye nyumba kwamba wale wanawake wawili wanaishi kama wezi, wananong'onezana usiku na mchana.

Kutu alipata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mle ndani mkanda na mawe vilinguruma hata meno yakatetemeka, na wafanyakazi wote waliongea kwa mikono: vidole viwili, saga mara mbili, kiganja chini, punguza mwendo, shavu kuvimbishwa, mwenye mashine anakuja. Kutu alizijua ishara zote kabla ya siku kwisha, na akabuni nyingine za kuwasema wateja, hadi wenzake wakacheka kwa mabega yaliyojaa unga. Redio haikuwepo, na hata ingekuwepo ingesema na ukuta.

Asubuhi moja, akiwa njiani kwenda kazini, alikutana na mwimbaji mpya wa Fundi. Alimtambua kwa picha zilizobandikwa kwenye nguzo. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mtandio shingoni ingawa jua lilikuwa kali, anapokea viatu alivyonunua huku akitaniana na muuzaji, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. Kutu akamshika mkono, akamvuta pembeni ya duka. Akafungua kola yake amwonyeshe kovu. Akamwelekezea mdomo sikioni. "Nenda kwa daktari. Leo. Usingoje albamu."

Msichana alirudi nyuma, akajipangusa sikio kwa ncha ya mtandio. Hakuwa na ubaya. Alimtazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Dada, pole sana," akasema. "Fundi alishaniambia ungekuja. Alisema nisikukasirikie, wivu ni ugonjwa." Akakohoa, akameza mate kwa shida, akatabasamu. "Halafu hiyo sauti yako ya pumzi ni nzuri kweli. Nitamwambia."

Akavuka barabara na viatu vyake mkononi. Kutu alifunga kola, kifungo kwa kifungo, akaenda kazini. Foleni ya watu wenye magunia ilikuwa imeshafika barabarani.