Jepleting na Wenzake Wawili Wasiokuwepo

"Nipeni jukwaa na mahali pa kubadilishia nguo, niwaigizie ukoo mzima peke yangu." Jepleting aliyasema hayo kwenye maikrofoni ya harusi ya binamu yake huko Lanet, na watu wakacheka, wakadhani ni soda imempanda kichwani.

Mchana huuza mapazia ya mitumba. Wikendi huigiza katika kundi la Hezekiah, mkurugenzi mwenye maneno mengi na waigizaji haba. Ili kundi lionekane kubwa, Hezekiah aliandika kwenye karatasi za onyesho kwamba chifu ni Kiprugut, mama mkwe ni Khamisa, bi harusi ni Jepleting. Wote walikuwa Jepleting.

Salmin, mwandishi wa sanaa wa gazeti la mjini, alikuja akaketi mbele. Gazeti lilipotoka, Jepleting alilisoma akiwa amekalia mzigo wa mapazia. Kiprugut alisifiwa: ana kikohozi cha mtu aliyekula mbuzi wa wananchi. Khamisa alisifiwa zaidi: akiingia tu, watazamaji wanakaa vizuri kama wageni wa posa. Kuhusu bi harusi, Salmin aliandika: "Jepleting si mbaya, ila amwombe Khamisa amfundishe."

Alicheka mpaka mteja akaondoka. Halafu kicheko kikakatika. Mamake, huko Mau Narok, alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa chama chao cha kuweka akiba kwamba binti yake atasifiwa gazetini. Sasa angewasomea nini, hiyo "si mbaya"?

Akampigia Hezekiah. "Boss, naibiwa sifa na watu hawajazaliwa."

"Tulia, siz. Kuna shule zinatuita tuigize juu ya vile tuko wengi. Ukifungua mdomo tumeisha."

"Hao wengi ni mimi."

"Ndio maana nakuomba unyamaze wote."

Jumamosi Salmin alirudi. Onyesho lilipoisha akasimama, akaomba Khamisa na Kiprugut watoke wapigiwe makofi.

"Wamekimbilia gari," Hezekiah akasema, uso mkavu kabisa.

Jepleting, bado ndani ya gauni la bi harusi, akakohoa. Kile kikohozi cha chifu. Kisha akashika kiuno, midomo ikavutika, akamkagua Salmin kuanzia viatu hadi kofia. "Na wewe, kijana," akasema kwa sauti ya mama mkwe, "nani alikutuma useme nimfundishe huyu msichana?"

Watu waliangua kicheko wakagonga viti. Salmin alikaa chini polepole, akatoa kalamu.

Safari hii aliandika jina moja juu ya ukurasa, akakiri kwamba alidanganywa na mwanamke mmoja mara tatu na angelipa kiingilio adanganywe tena. Shule hazikughairi. Moja iliuliza tu kama Jepleting anaweza pia kuwa mwalimu mkuu.

Mamake alimtuma dereva wa lori la viazi kwa Jepleting amletee nakala, moja kwa kila mama wa chama. Gazeti ni shilingi hamsini, na pesa hakutuma.