Gari la Mdosi

Mzungu aliyemwajiri mume wangu kama dereva alipofunga kiwanda ili arudi kwao, alimpa habari mbili kwa mpigo. Kazi imekwisha. Na gari, akilitaka, atamuuzia yeye kwanza kwa bei ya kirafiki kabla halijatangazwa gazetini.

Lilikuwa jitu la Kijerumani, silinda sita, viti vya ngozi, refu kuliko chumba chetu cha mtaa wa Umoja. Mume wangu ndiye aliyeliendesha tangu likiwa jipya. Pesa alizokuwa akizifikiria nilizijua, kwa sababu nusu yake ilitoka kwenye kibanda changu cha mboga. Zilikuwa za kujenga nyumba kule Njiru, kwenye kiploti chetu cha udongo mweusi ambacho kwa miaka kilikuwa kimeota nyasi tu. Nilipandwa na mori.

"Tutalala ndani yake?" nikamuuliza. "Ama tutakuwa tunapikia kwa buti yake ya nyuma?"

"Nitaifanyisha kazi ya harusi, mama watoto. Kila Jumamosi watu wanaoa."

"Na petroli? Hiyo gari inakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi!"

Tukanuniana wiki nzima. Alikuwa akiamka alfajiri, ananyoa ndevu, anavaa tai, halafu anakumbuka hana pa kwenda. Aliketi hivyo hivyo na tai yake mpaka chai ikapoa. Iliniuma, lakini sikulegea.

Jumamosi yule Mzungu, mdosi wake, akamruhusu alilete nyumbani ili nilione kabla hatujaamua. Vijana wa mtaa wakalizunguka.

"Niaje mzae, hii ndai ni yako?"

Mume wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kazi iishe. Nikaenda kufungua mlango wa mbele, kumbe yeye keshafungua wa nyuma na amesimama wima, kiganja juu ya mlango nisije nikajigonga kichwa. Nikaingia nyuma, ningefanyaje.

Tulipofika barabara ya Kangundo alikanyaga mafuta, na lile jitu likaruka bila kelele. Sitadanganya, nililipenda. Hata hasira nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Utatupitisha kwa ploti?" nikamuuliza.

"Sawa, madam."

Alisema hivyo bila kugeuka, na wala hakusikia alichokisema. Mimi nilisikia. Tumezaa pamoja, tumezika mtoto pamoja, na mtu wangu ananiita madam. Nikatazama kisogo chake mpaka tulipofika Njiru.

Pale kwenye nyasi zetu alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Mama watoto," akasema, "mimi hapo nyuma sijawahi kukaa."

"Hata siku moja?"

"Hata mdosi akiwa amesafiri."

Nikasogea. Akashuka, akakung'uta udongo viatuni, akaingia na kuketi ukingoni kama mgeni. Nikamvuta aegemee. Akaegemea, akafumba macho, na kwa muda mfupi niliona uso wa yule kijana aliyenioa. Kisha akayafumbua, akatazama kiti cha dereva kilichokuwa kitupu mbele yetu.

"Na sasa nani atatupeleka?"

Nilidhani anatania. Nilipomgeukia machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye tai. Moyo ulinipasuka. Wakati ule ningetoa pesa zote, ningeuza na kibanda.

"Nunua," nikamwambia. "Nyumba itangoja."

Akatikisa kichwa. "Nikinunua, bado ni mimi nitakuwa pale mbele. Wacha nimrudishie mdosi."

Akashuka. Kabla ya kurudi kwenye usukani alitoa leso, akainama, akapangusa kiti cha ngozi mahali alipokuwa ameketi yeye. Pangu hakupagusa.