Kidari cha Baba

Kwetu Kilema, mbuzi akichinjwa, kidari ni cha baba. Nikiwa msichana mdogo niliuliza kwa nini kisiwe cha mama, ambaye ndiye aliyemkatia mbuzi huyo majani mwaka mzima. Wakanicheka. Niliuliza tena nikiwa sekondari, na tena niliporudi nyumbani na shahada ya baiolojia. Safari hiyo baba mdogo alimgeukia baba: "Huyu mlimpeleka chuo kusoma au kubishana?" Baba alicheka huku akitafuna kidari chake.

Ugonjwa wa baba ulianzia kwenye mkasi wa kupogolea kahawa. Ulikuwa ukimponyoka mkononi, anauokota, unamponyoka tena. Tukasema ni uzee. Kisha mguu ukaanza kuburuta, na ulimi ukawa mzito hata baadhi ya watu kanisani wakadhani amepitia kilabuni kabla ya misa. Tulizunguka hospitali za Moshi mpaka daktari mmoja akatuambia ni ugonjwa wa neva za mwendo, zile zinazoamuru misuli, na kwamba zinakufa. Baba hakuuliza ataishi muda gani. Aliuliza kama Krismasi atakula kidari chake mwenyewe. Daktari akatazama mezani.

Jioni moja, tukiwa tumekaa karibu na mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, baba aliniambia nimweleze kwa maneno ya kawaida kinachomuua.

"Neva ikitaka kuamsha nyingine," nilisema, "inamwaga kemikali inayoitwa glutamati. Neva ya pili ina vipokezi, ni kama vilango. Glutamati ikivigusa vinafunguka, ujumbe unapita, halafu glutamati inatakiwa iondolewe upesi. Kwako inaonekana haiondolewi vizuri. Vilango vinabaki wazi, kalsiamu inaingia kupita kiasi, neva inakufa. Na vilango vya neva za mwendo vinapitisha kalsiamu kirahisi kuliko vya neva nyingine."

Aliutazama mfereji. Maisha yake yote alikuwa akifuata zamu za maji. Alijua shamba linavyoharibika mtu asipoziba mfereji kwa migomba na udongo.

"Yaani mtu kafungulia maji, kaenda zake kunywa mbege."

"Karibu na hivyo, baba."

"Ni nani huyo?"

Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutilia shaka. Labda mafuriko hayo ndiyo chanzo. Labda ni matokeo tu ya uharibifu ulioanzia kwingine. Baadhi ya dawa zilizobuniwa kuziba vipokezi hivyo zilijaribiwa kwa wagonjwa na hazikusaidia. Iliyokuwepo kwetu ilikuwa moja, ya kupunguza glutamati inayomwagwa, na daktari alikuwa mkweli: "Inapunguza kasi kidogo. Haiponyi."

Mimi niliyekataa maji ya baraka ya shangazi, niliyemfukuza mganga getini, nilishikilia hilo neno kasi kama muumini. Nilihesabu moyoni kwamba kasi ikipungua, Krismasi itamkuta baba na meno yake yakifanya kazi. Nikamwahidi hivyo. Sikuwa na ushahidi wowote.

Dawa ilipopatikana, kumeza kidonge kizima kulikuwa kumeshamshinda. Mama akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huku angefanya kwa mgonjwa au mzazi aliyetoka kujifungua: alipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Akaponda kidonge kwenye kinu cha vitunguu saumu, akakikoroga humo ndani, akamlisha kijiko kwa kijiko. Baba alikula vizuri mwanzoni. Halafu akagusa midomo yake kwa kiganja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Hakuhisi mtori ulipo, na ulipopotea njia ukaingia kwenye pumzi, alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi.

"Nimemuua," mama alirudia, kijiko bado mkononi. "Nimemuua mume wangu kwa mtori."

Hatukujua kwamba dawa ile ikipondwa hutia ganzi. Baba alilazwa na nimonia. Alirudi nyumbani bila sauti, akimeza uji mzito tu, kidogo kidogo, kidevu kikiwa kimeinamishwa. Daktari alisema koo lake lilikuwa likielekea huko hata bila mtori ule. Mama hakumwamini. Mimi, siku nyingine namwamini, siku nyingine simwamini.

Krismasi ikafika. Baba mdogo alichinja. Tulimkalisha baba kwenye kiti chake, mto ukimshikilia shingo, na kidari kikawekwa mbele yake juu ya jani la mgomba, kikitoa mvuke. Mama akaanza kukikata vipande vidogo sana, vidogo kama vya mtoto. Baba akafumba macho, akafumbua, akanitazama mimi. Kisha kidari. Kisha mimi.

"Hapana, kaka," baba mdogo akasema. "Msichana hapewi kidari. Hata awe amesoma mpaka mwisho."

Baba akatoa mlio kooni. Ni mama peke yake aliyebaki akimwelewa.

"Anasema mwacheni abishane nacho."

Watu wakacheka, baba mdogo akacheka mpaka akajifuta macho. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka desturi ishinde.

"Baba mdogo anasema kweli," nilisema. "Kidari ni cha baba."

Baba hakuondoa macho yake. Nyama ilikuwa inapoa. Nikachukua kipande, nikaweka mdomoni, nikatafuna. Sikuweza kukimeza. Niliendelea kutafuna tu, kwa sababu alikuwa akinitazama, na taya lake lilikuwa likisogea pamoja na langu.