Kompaila ya Zamani kwa Ajili ya Bombambili

Nikisikia mtu anasifia programu inayokubali kwenye kila kompyuta, nabadilisha mazungumzo. Niliwahi kuandika moja, Songea.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wamejaa mjini, na chama chetu cha ushirika kiko hoi. Kazi yangu ilikuwa programu ya kukokotoa uzito na madaraja ya tumbaku. Makao makuu tulikuwa na kompyuta mpya. Ghala la Bombambili lilikuwa na kikongwe kimoja kinachonguruma hadi unaona aibu, na kilikuwa mikononi mwa karani mmoja, mama mtu mzima anayesomesha watoto peke yake.

Programu ukishaiandika, lazima uipitishe kwenye kompaila, ndiyo inayoigeuza kuwa lugha ya mashine. Nilikuwa na kompaila mbili. Toleo jipya lilitoa programu yenye kasi, ila kompyuta ya Bombambili ingeikataa katakata. La zamani lilitoa kitu cha kujikokota, lakini kingekubali kote.

Meneja alitaka jipya. "Bombambili waendelee na kalkuleta," alisema.

Yule mama alisikia. Akaja ofisini na manyunyu yale ya milima ya Matogoro, kanga imelowa chapachapa. Nikamwamkia shikamoo, hata hakuitikia.

"Mwanangu, wanapunguza watu. Mashine yangu ikiachwa nyuma, na mimi nimeachwa. Nifanyie kwa hiyo ya zamani."

Jamani, ningekataaje? Nilibishana na meneja mpaka akanuna, nikatumia la zamani, nikapeleka diski mwenyewe kwa baiskeli. Programu ikafunguka. Mama akapiga vigelegele, wapakuzi wakaja kuchungulia. Kazi ya wiki nzima ikawa inaisha kabla ya chai. Nilijiona mtu, nakwambia!

Msimu ulipokwisha meneja alitupongeza, kisha akauliza: kama mashine inamaliza asubuhi, karani wa kudumu wa nini? Mpakuzi yeyote anayejua kusoma angetosha. Makarani wa maghala yasiyo na kompyuta hawakuguswa. Hesabu za kule bado zilihitaji mtu.

Nilimkuta mama akimwelekeza mpakuzi jinsi ya kuiwasha. Nikampa pole. Angenitukana ningepumua. Aliniangalia tu, akasema taratibu:

"Ungeiacha ikatae, mwanangu."