Mistari Iliyoteremka Mtoni

Mtu akinipa maji sina kawaida ya kuyachungulia. Nimekulia Mwanjelwa, Mbeya, kule ukipewa kitu cha bure unapokea kwanza, maswali baadaye. Lakini kata aliyonipa dada yangu siku ile niliirudisha vilevile. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maskini, na juu yake umeelea uzi wa kijani, unateleza kama mlenda.

"Nimekupa uone, si unywe," akasema. "Ya kunywa nimechemsha. Mara mbili. Si ndiyo tabia yako, kila kitu mara mbili?"

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshahamishiwa kwenye vijiji vipya. Mimi nilikuwa nanunua maharage vijijini Iringa na kuyapandisha lori hadi Mbeya. Dada yangu alikuwa ameolewa na Mhehe ambaye sehemu kubwa ya mwaka alikuwa Mufindi kwenye chai, kwa hiyo nyumba aliibeba yeye, na aliibeba kwa kupika pombe ya komoni. Viwanja vilipogawiwa, wenzake waligombea vya karibu na barabara. Yeye akachukua cha chini kabisa, kando ya kijito. Nilimsifu kwa hilo. Mpika pombe anayekaa mbali na maji anapika jasho lake.

Tatizo lilikuwa juu ya nyumba yake. Mteremko wote ule ulifanywa shamba la kijiji, shamba la mahindi. Trekta lilipokuja kulima lilianzia juu kileleni likashuka moja kwa moja mpaka bondeni, likapanda, likashuka tena. Sababu haikuwa siri: mgeni wa kutoka wilayani angepita barabara ya kilima cha pili, na mistari iliyonyooka inaonekana vizuri kutoka mbali. Na kweli ilionekana. Ungedhani mtu ameuchana ule mlima kwa kitana.

Kisha ikaja mbolea ya chumvichumvi. Bwana shamba, kijana mpole wa kutoka chuoni, alifundisha kipimo: kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina. Watu wakaona huo ni uchoyo wa serikali, wakatia konzi. Mvua ikaanza. Ile mistari mizuri ikageuka mifereji, ikateremsha udongo na mbolea yake mpaka mlangoni kwa dada yangu na kijitoni. Masika yalipoisha maji yakapungua mwendo, na kijani kikatanda juu ya kijito kizima. Visamaki tulivyozoea kuvitazama vikaelea tumbo juu. Komoni ikaanza kunuka kabla ya kuiva. Mtoto wake wa mwisho akaharisha mpaka macho yakazama, dada akambeba mgongoni hadi hospitali ya Tosamaganga. Walimtibu, wakamwambia mama achemshe maji.

"Mvua nyingine ikishuka hivi," aliniambia, "nafunga mizigo, nakuja kwako."

Kwangu palikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na magunia ya maharage. Niliwahesabu watoto wake. Wanne. Nikarudia. Bado wanne.

Nikamtafuta bwana shamba. Akanijibu bila kunitazama. "Dawa yake ni matuta ya kukatisha mteremko. Maji yakikuta tuta yanasimama. Nililisema mkutanoni, wakaniuliza kama nimetumwa na mkoloni."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Zamani za Mwingereza matuta yale yale yalikuwa shuruti, na asiyelima alifungwa. Balozi wao wa nyumba kumi, kaka mkubwa wa shemeji yangu, alikuwa mmoja wa waliolala ndani. Uhuru ulipokuja walitoka na majembe wakayasawazisha matuta huku wakiimba. Sasa umwambie mtu huyo ayarudishe.

Nilimkuta anachonga mpini. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Udzungwa, na lori langu lilikuwa linapakia barabarani. Sikuweza hata kukaa.

"Kamwene, shemeji. Nimekuja na biashara."

"Kamwene. Mtu wa Mbeya akija bila biashara tutamwitia mganga."

"Matuta kumi, shamba zima."

"Hata moja."

"Matano."

"Shemeji, mzungu mwenye bunduki alinishindwa. Wewe mwenye maharage utaniweza?"

"Haya, matuta tuyaache. Ng'ombe wako kiangazi wanakula nini?"

Akaacha kuchonga. "Mabua. Na matusi yangu."

"Mabingobingo," nikasema. "Majani yanayomzidi mtu urefu. Tunapanda mistari mitatu, inakatisha mteremko. Miche anayo bwana shamba. Wewe kazi yako kukata na kulisha."

"Mitatu mingi. Itakula shamba la kijiji."

"Miwili."

"Na mmoja upite juu ya nyumba ya mke wa mdogo wangu, siyo?"

"Hapo hapo."

Alinitazama kama anayekagua jino la ng'ombe mnadani. "Mimi jembe silishiki."

"Nani amekuomba jembe?"

Lori liliondoka bila mimi. La pili pia. Nilipanda mabingobingo na dada yangu na wanawake wa nyumba kumi, nimevaa viatu vya mjini, kila nikiinua shingo wingu limesogea. Tulipomaliza mstari wa chini, mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati ya shule. Mstari wa juu ulikaa mpaka saa kumi jioni, kisha nikauona unateremka wenyewe, mche baada ya mche, unanipita miguuni kuelekea kijitoni. Wa chini ulibaki umeinama. Dada yangu aliingia ndani, akatoa kanga kuukuu, akaanza kufunga sufuria.

Ilinibidi nirudi Mbeya. Maharage hayamngoji mtu. Lakini Mwanjelwa sikutulia. Wingu likikaa juu ya mlima Loleza, nilijiuliza na kule limekaa? Dereva akifika kutoka Iringa nilimwuliza habari za mvua kabla ya kumwuliza bei, na madereva wakanidhania nimenunua shamba. Mtu akigonga mlango niliangalia kwanza nyuma yake, kama kuna watoto.

Hawakuja. Niliporudi kule, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mstari wa mabingobingo ulikuwa umesimama, mnene, na nyuma yake udongo umekaa badala ya kuteremka. Nikainama kuangalia. Chini ya majani, mwanzo hadi mwisho wa shamba, kulikuwa na tuta. Limepigwa kwa jembe, limesawazishwa, kazi ya mtu aliyewahi kufundishwa kwa kiboko gerezani.

"Anakuja alfajiri kukata majani," dada yangu alininong'oneza. "Jembe analo. Wewe usiulize."

Balozi mwenyewe akatokea na mzigo wa majani kichwani. "Unatazama nini?"

"Majani, shemeji. Yamesimama vizuri."

"Majani yanataka kitu cha kuegemea," akasema, akapita.

Jioni alikuja kunywa. Aliinusa komoni kwanza. "Maji ya wapi haya?"

"Ya hapo hapo," dada yangu akajibu. "Nimechuja, nimechemsha."

Akanywa, akapangusa mdomo, akaomba nyingine. Akasema bwana shamba anapita nyumba hadi nyumba na vifuniko vya soda, na safari hii watu wanavipokea, maana konzi iliwaunguzia mahindi.

Mzigo wa dada yangu ulikuwa bado nyuma ya mlango, kanga na fundo lake. Nikamwuliza mbona hajaufungua.

"Sasa hivi mto unakwenda mbio, hausemi kitu," akasema. "Nitauona kiangazi, maji yakisimama. Kikirudi kile kijani, fundo liko tayari."

Asubuhi nilipanda lori. Watoto walisimama kando ya barabara kunipungia mkono. Niliwahesabu, wanne. Lori lilipokata kona, nikageuka nikawahesabu tena.